Mzee, Kuukuu au wa Zamani? Jinsi ya Kutumia Kivumishi cha Kiingereza "Old" Bila Kukosea

Karibu kila anayeanza kujifunza Kiingereza huniuliza swali hili: inakuwaje mtoto aliyezaliwa juzi aitwe "two days old"? Kichanga kina uzee gani? Swali la pili huwa halichelewi: kama rafiki yangu ana miaka kumi na tisa, naweza kumwita "my old friend"? La tatu huja baada ya mtu kumvunjia mwenzake heshima bila kukusudia: kwani "mzee" si "old man"?

Chanzo cha maswali haya ni kimoja. Sisi tuna mzee, mkongwe, kuukuu, chakavu, kale, wa zamani, wa siku nyingi, na tuna umri. Kiingereza kimelitwisha sehemu kubwa ya mzigo huo neno moja lenye herufi tatu. Aliyefungua kamusi ndogo, akakuta "-zee" na kuifunga, ameondoka na kipande kimoja tu cha neno. Mwongozo huu ni wa kukupa vilivyobaki.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari. Gawa ukurasa mmoja safu nne na uziandike majina: Umri, Watu, Vitu, Zamani.
- Sentensi kumi za Kiswahili ambazo wewe mwenyewe huzisema, zenye maneno kama mzee, kuukuu, wa zamani, miaka, mkubwa wangu. Usizitoe kitabuni. Makosa yako yamejificha katika maneno yako.
- Kamusi yenye mifano ya sentensi. Ile inayotoa orodha ya maana pekee haitakufaa kwa kazi hii.
- Maumbo ya kitenzi "be": am, is, are, was, were. Kama bado yanakusumbua, anza nayo kwanza, kwa sababu hatua ya pili haitakwenda bila hayo.

Nadharia ni kidogo tu, lakini usiiruke. Asili ya mbali ya "old" ni mzizi wenye maana ya kukua na kulea. Kwa hiyo, ukilichimbua, neno hili linapima mtu au kitu kimekua kiasi gani. Ndiyo maana kichanga kinaweza kuwa "two days old": kimekua siku mbili. Kiswahili nacho kilipita njia hiyo hiyo, maana kua, -kuu na -kuukuu ni ndugu wa ukoo mmoja. Mimi hili lilinifungua macho kuliko kanuni yoyote ya sarufi.

Hatua kwa hatua

1. Jiulize kinyume chake ni nini.

Kabla ya kuandika "old", tafuta neno ambalo lingekuwa kinyume chake katika sentensi hiyo. Kama kinyume ni kijana, yaani "young", unazungumzia uzee wa kiumbe hai. Kama kinyume ni kipya, yaani "new", unazungumzia kitu kilichokaa sana. Kama kinyume ni cha sasa, unazungumzia kilichokuwapo kabla ya hiki. Na kama hakuna kinyume kabisa, kwa sababu unataja idadi ya miaka, basi hiyo ni hesabu ya umri na uzee haumo.

Pitia sentensi zako kumi kwa kipimo hiki na uzipange katika safu nne. Zisizoingia popote ziache pembeni, tutazirudia.

2. Taja umri kwa "be", kamwe usitumie "have".

Hapa ndipo penye makosa mengi kuliko kwingine kote. Sisi tunasema nina miaka ishirini, kana kwamba miaka ni mali tunayoimiliki. Kiingereza hakimiliki miaka. Mtu "yuko" na umri wake: "I am twenty years old."

Una njia mbili sahihi za kila siku:

- "I am twenty years old."
- "I am twenty."

Ama utaje vyote viwili, "years" na "old", ama uviache vyote viwili. Kosa linalojirudia ni kubaki katikati: "I am twenty years." Sentensi hiyo imekatwa mkia. Kwenye fomu na maandishi rasmi utakutana pia na "twenty years of age". Hiyo ni sahihi, ila katika mazungumzo inasikika kama karatasi ya ofisi.

Njia ya mkato, "I am twenty", ni ya watu. Kwa nyumba, gari au mti taja yote: "The house is twenty years old." Ukisema "The house is twenty", msikilizaji atasubiri umalizie.

Kuuliza: "How old are you?", "How old is your daughter?", "How old is this tree?" Usitafsiri una miaka mingapi neno kwa neno.

Wakati uliopita unafuata mwendo ule ule: "I was ten years old when we moved." Kwa maana ya kutimiza miaka, kitenzi ni "turn": "She will turn thirty in March."

Tahadhari: nina miaka mitano kazini haihusiani na "old" hata kidogo. Ukiandika "I am five years old at work", umesema wewe ni mtoto wa miaka mitano uliye kazini. Muda wa kufanya jambo husemwa hivi: "I have been working here for five years." Urafiki wetu una miaka kumi nao ni vivyo hivyo: "We have been friends for ten years."

3. Umri ukitangulia nomino, ondoa "s" na uweke vistari.

Linganisha:

- "The boy is five years old."
- "a five-year-old boy"

Katika mfano wa pili maneno matatu yamefungwa pamoja yakawa kivumishi kimoja, na kivumishi cha Kiingereza hakichukui wingi. Kwa hiyo "year" inabaki bila "s" hata kama miaka ni hamsini: "a fifty-year-old bridge". Vistari ndivyo kamba inayoufunga mzigo huo, usiviache.

Fungu hilo linaweza pia kusimama lenyewe kama nomino: "a five-year-old" ni mtoto wa miaka mitano. Hapo, na hapo tu, "old" hupata wingi: "five-year-olds". Ukikutana na "olds" kwingine katika maandishi yako, kagua upya.

Jambo dogo linalosahaulika: "an" au "a" huamuliwa na sauti ya neno linalofuata. Ni "an old house", lakini "a five-year-old house", kisha tena "an eight-year-old house". Nane, kumi na moja na kumi na nane huanza na sauti ya irabu, zote zinataka "an".

4. Kwa watu, tenga uzee na heshima.

Hatua hii iendee polepole. Katika Kiswahili, mzee ni neno la umri na pia ni neno la heshima. Tunamwita mtu mzee hata kama nywele zake bado nyeusi, kwa kuwa ana cheo au hekima, au kwa kuwa tumekutana naye leo na hatulijui jina lake. "Old man" haina heshima hiyo hata chembe. Ukimwita mgeni "old man" ana kwa ana, umemwambia amezeeka.

Kwa hiyo tafsiri kazi inayofanywa na neno, umbo lake liache:

- Unamwita mtu kwa heshima: "Sir", au cheo na jina lake.
- Unamtaja mtu mwenye umri mkubwa katika simulizi: "an old man", "an old woman". Hapa ni sawa, kwa sababu unaeleza, humwiti.
- Unaandika kwa adabu kuhusu watu wa umri huo kwa jumla: "older people".
- Wazee wenye mamlaka katika jamii au kanisa: "elders". Hili ni neno lenye heshima yake.
- Wazee wangu, kwa maana ya baba na mama: "my parents". Tafadhali usiandike "my old people".

"Older people" huwashangaza wengi. "Older" ni umbo la kulinganisha, mbona hakuna anayelinganishwa naye? Hakuna kweli. Umbo hilo limetumika kulainisha neno: "old people" ni kavu, "older people" ina upole. Mwaka 1990 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 1 Oktoba kuwa siku ya watu wa umri huo, na leo siku hiyo huitwa kwa Kiingereza "International Day of Older Persons". Sisi tunaiita Siku ya Wazee na hakuna anayeudhika, kwa sababu neno letu tayari limebeba heshima ndani yake. Utakutana pia na "elderly". Ni la adabu kuliko "old", ingawa waandishi wengine siku hizi hulikwepa wakiona linamfanya mtu aonekane dhaifu.

Tahadhari ya pili ni kuhusu mkongwe. Magazeti yetu huandika mwanamuziki mkongwe au mchezaji mkongwe kwa sifa: amekuwa kwenye fani muda mrefu na anaijua. "An old musician" humaanisha mwanamuziki aliyezeeka. Sifa ya uzoefu inabebwa na neno jingine: "a veteran musician".

5. Kwa vitu, angalia ni umri au ni hali.

"Old" kwa kitu husema kimekuwapo muda mrefu. Haisemi kama kimeharibika. "An old book" inaweza kuwa kitabu kilichotunzwa vizuri tangu mwaka 1900. Kuukuu yetu mara nyingi hubeba umri na uchakavu kwa pamoja, kwa hiyo mwanafunzi huandika "old shoes" akidhani amekwisha kusema kwamba vimetoboka. Bado hajasema. Ukitaka uchakavu, utaje: "worn-out shoes".

Yafuatayo yasichanganywe na "old":

- Kilichotumiwa na mtu mwingine kabla yako ni "used" au "second-hand". Gari la mwaka jana linaweza kuwa "used" bila kuwa "old".
- Mkate uliokauka ni "stale".
- Cha kale sana, cha karne nyingi zilizopita, ni "ancient".
- Kilichopitwa na wakati katika mtindo ni "old-fashioned". Kilichopitwa katika taarifa au teknolojia ni "outdated".

6. Kwa "wa zamani", angalia mahali neno lilipokaa.

Sasa tujibu swali la rafiki wa miaka kumi na tisa. Ndiyo, unaweza kumwita "my old friend". "Old" ikitangulia "friend" hupima urafiki: rafiki wa siku nyingi. Ukiipeleka baada ya kitenzi, "My friend is old", inampima mtu mwenyewe: rafiki yangu ni mzee. Maneno ni yale yale, kilichohama ni mahali tu.

Na shika hili pia: "old friend" bado ni rafiki. Lakini "my old school", "my old job" na "my old phone number" ni vitu ulivyoviacha. Hakuna kanuni itakayokupa tofauti hii, itakupa akili ya kawaida: urafiki husifiwa kwa kudumu, namba ya simu hubadilishwa.

Kuna mahali ambapo sentensi hubaki na utata hata kwa wenye lugha. "My old teacher" ni mwalimu aliyenifundisha zamani, au mwalimu wangu ambaye ni mzee? Muktadha ukiwa hautoshi, chagua neno lisilo na utata, "my former teacher". Kwa vyeo tumia "former" wakati wote: rais wa zamani ni "the former president". Kwa mume aliyeachana na mkewe ni "ex-husband". "My old husband" atakayesikia ataelewa mume mzee, na pengine mume mwenyewe atakuwa amekaa hapo hapo.

7. Linganisha kwa "older". "Elder" ina nafasi yake ndogo.

Ni "older" na "oldest". Hakuna "more old". Kukuza tofauti tumia "much", "very" haiwezi kukaa hapo: "much older".

Mtego wetu mkubwa uko kwenye neno mkubwa. Dada yangu ni mkubwa kwangu ukiitafsiri kuwa "My sister is bigger than me", umezungumzia mwili wake. Umri ni "My sister is older than me." Amenizidi miaka mitatu ni "She is three years older than me." Mdogo wangu ni "my younger brother" au "my younger sister", na hapa Kiingereza kinakulazimisha useme kama ni wa kiume au wa kike. Tu wa rika moja ni "We are the same age."

"Elder" na "eldest" ni maumbo ya zamani zaidi. Katika Kiingereza cha kale "old" iliandikwa "eald", na ilipolinganishwa irabu yake ilibadilika. "Older" ilitengenezwa baadaye kwa kufuata kanuni ya kawaida. Leo "elder" imebaki zaidi kwenye familia, na hukaa kabla ya nomino: "my elder brother". Haipokei "than". "He is elder than me" ni kosa ambalo nalisahihisha mara nyingi mno. Ukiwa na shaka, andika "older", hiyo haikosei popote.

8. Panga vivumishi kwa foleni yake.

Vivumishi vikiwa vingi, Kiingereza kina foleni: maoni, ukubwa, umri, rangi, malighafi. "A beautiful big old brown wooden box." Ukisema "an old big box" utaeleweka, lakini sikio la mwenye lugha litagutuka. Kwa matumizi ya kila siku kumbuka kipande hiki kimoja: ukubwa hutangulia umri. "A big old house", "a small old table".

9. Litamke neno bila kuliongezea irabu.

Silabi za Kiswahili hupenda kuishia na irabu, kwa hiyo ulimi hutaka kusema "oldi" au kuiacha "d" kabisa ikabaki "ol". Ikibaki "ol", "old men" itasikika kama "all men", na maana imebadilika. Anza kwa kutamka "o" inayoelekea "u", kisha gusa "l" na "d" kwa pamoja na ukate sauti hapo. Njia iliyowasaidia wanafunzi wangu ni kuanza na neno linalofuatiwa na irabu, "old age", ambapo "d" hupata pa kuegemea. Rudia mara kumi, kisha ondoa "age" na ubakishe ulimi pale pale ulipofika.

Ukikwama

*Sentensi yangu haikuingia katika safu yoyote.* Huenda ni msemo. Zamani tuliishi vizuri huanza na "In the old days". Usiandike "since old days" kwa maana ya tangu zamani. Hiyo ni "for a long time". Agano la Kale ni "the Old Testament". Misemo ya namna hii ishike mizima mizima, usiitafsiri kipande kipande.

*Nimeambiwa "old boy" si mvulana mzee.* Kweli. Katika Kiingereza cha Uingereza ni mwanamume aliyesoma shule fulani zamani. "An old hand" nayo haina mkono wowote ndani yake. Ni mtu mwenye uzoefu wa kazi. Na "my old man" ni msemo wa mitaani wa kumtaja baba au mume. Uelewe ukiusikia, lakini usiutumie mpaka uwe umezoeana sana na unaozungumza nao.

*Mtoto ana mwaka mmoja na nusu, niandike "year" au "years"?* "One year old" kwa mwaka mmoja kamili, "one and a half years old" ukizidi. Wazazi wengi wanaozungumza Kiingereza huhesabu miezi katika umri huo: "eighteen months old".

*Nasahau "s" kila mara.* Angalia nomino iko wapi. Kama iko baada ya "old", hakuna "s". Kama "old" ndiyo inayofunga, "s" ipo. Chukua umri wa watu watano unaowajua na umwandike kila mmoja kwa namna zote mbili, leo na kesho kutwa.

*Nahofia nitamuudhi mtu.* Basi iandike sentensi bila "old". Badala ya kusema babu yako ni "very old", sema "My grandfather was born in 1941", na msomaji atapiga hesabu mwenyewe.